Mgodi Umefungwa, Kisima Kimebaki



Mnamo Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium huko Kwale ulikoma kuchimba. Kwa takriban miaka 11 ilmenaiti, rutili na zirkoni zilipakiwa melini Likoni zikaenda ng'ambo. Familia za Nguluku na Maumba zilikuwa zimehamishwa ili kuupisha mgodi. Oktoba ya mwaka huo huo kampuni mama ya Australia ilinunuliwa na Energy Fuels ya Marekani. Wenye mali hubadilika. Watu wa Msambweni wangali wakiteka maji yale yale ya ardhini.

Tuseme kweli bila kutia chumvi. Uchimbaji huu si ule wa dhahabu wenye sianidi. Mchanga ulichambuliwa kwa maji, sumaku na umeme. Kwa hiyo hatudai kwamba visima vimetiwa sumu. Lakini mgodi ulihitaji maji mengi, ukayapata katika bwawa la mto Mukurumudzi na katika visima virefu. Maji yaliyokwisha kuosha mchanga huweza kupenya ardhini na kubadili hali ya maji ya chini. Tena pwani, maji matamu yakivutwa kupita kiasi, bahari hujipenyeza chini kwa chini, na kisima hugeuka chumvi. Hoteli za Diani nazo zina visima vyao. Kisima cha kijiji kikiharibika kesho, nani atajua kama kilichokiharibu ni mgodi, hoteli au kiangazi? Vipimo vya miaka yote hiyo ndivyo shahidi pekee, na shahidi huyo sharti aonekane hadharani.

Hapo ndipo sheria inapotufaa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na hata zilizo kwa mtu mwingine, zikihitajika kulinda haki. Kifungu cha 43 kinataja maji safi, salama na ya kutosha kuwa haki. Na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kuthibitisha kwamba yeyote amekwisha kudhurika. Si lazima mtoto augue kwanza!

Twadai, basi, mambo matatu. Vipimo vyote vya maji vitolewe, visomwe barazani kwa lugha wanayoielewa wenyeji. Upimaji uendelee miaka mingi baada ya mgodi kufungwa, kwa gharama ya aliyechimba. Na wapimaji wasiwe watumishi wa kampuni.

Waumini wanakumbuka jinsi Isaka alivyovifukua tena visima vya baba yake vilivyofukiwa na Wafilisti. Katiba hii haikutolewa kama zawadi. Ilipiganiwa, kanisani, msikitini na barabarani. Kamati za visima, parokia na misikiti ya Kwale na ziandike barua ya kwanza sasa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini maji yakishaharibika chini ya ardhi, hakuna fundi wa kuyajenga upya.