Kabla ya kununua asidi, litazame doa kwanza

Pita mitaa ya Nairobi yenye nyumba za lango siku ya Jumamosi asubuhi, nawe huenda ukamkuta kijana wa kazi ameinama juu ya saruji ya kuegeshea gari, patipati miguuni, akimwaga asidi kutoka kwa chupa ya soda. Mwenye nyumba anataka doa liondoke kabla ya wageni kufika. Maoni yangu, msomaji, ni kwamba aghalabu asidi hiyo haikuhitajika kabisa. Doa halikuwa limemdhuru mtu, lakini dawa yake yaweza kumdhuru.

Madoa si mamoja. Lile jeusi lenye kung'aa, mahali gari hulala, ni oili. Asidi haitoi oili. Huila saruji yenyewe, kwa kuwa saruji hutokana na mawe ya chokaa, ukabaki na doa lile lile na sakafu iliyochimbika. Oili mbichi ifunike kwa vumbi la mbao, mchanga au jivu, uiache usiku kucha, ufagie, kisha usugue kwa sabuni ya unga, maji moto na brashi ngumu. Iliyozeeka itataka kurudiwa mara 3 au 4. Usiguse petroli, kwani mvuke wake hutambaa chini hadi ukakutana na moto. Anayesugua avae glavu, maana oili iliyokwisha kutumika ndani ya injini ina kemikali zinazoweza kuleta saratani ya ngozi.

Doa la rangi ya machungwa chini ya pipa au kiti cha chuma ni kutu, na kutu changa hulainika kwa maji ya limau. Doa la kahawia lenye umbo la majani ni rangi ya majani tu. Sabuni na jua vitalififisha. Ule unga mweupe unaojitokeza baada ya mvua ni chumvi za saruji yenyewe. Ufagie kwa brashi kavu, basi.

Ukungu wa kijani kwenye upande usiopata jua ndio doa la pekee ambalo mimi ningelikimbilia, si kwa sababu ya sura yake bali kwa utelezi. Nyanya akianguka hapo atavunjika nyonga. Sugua kwa Jik iliyochanganywa na maji mengi, kisha suuza sana.

Nasema suuza sana kwa sababu hapa ndipo balaa huanza. Mtu hujaribu Jik kwenye kutu, akaona haisaidii, akamimina asidi juu yake. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliwapulizia adui zao huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Hata limau na Jik visikutane. Ukihisi macho yanawasha na kifua kinabana, acha kila kitu hapo, nenda penye hewa safi, na kikohozi kisipotulia nenda hospitali. Asidi ikirukia jicho, lioshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 kabla ya kufikiria safari.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni ile chupa. Kwa nini mwenye duka la vifaa vya ujenzi akubali kumpimia mtu asidi ndani ya chupa ya soda? Inayobaki huwekwa chini ya sinki, na mtoto wa miaka 3 hajui kusoma, ila chupa ya soda anaijua vizuri. Akinywa, usimtapishe, kwa sababu asidi itamchoma koo mara ya pili ikipanda. Usipoteze wakati kutafuta maziwa kwa jirani. Msukutue mdomo kwa maji, umkimbize hospitali, nawe uibebe chupa hiyo ili daktari ajue alichokunywa.

Ukilazimika kununua asidi, idai ikiwa katika chombo chake chenye jina na maonyo, na muuzaji akikuomba chupa tupu, ondoka. Na kama tayari unayo nyumbani ndani ya chupa ya soda, ifungie leo mahali pa juu penye kufuli, kisha uirudishe kwa aliyekuuzia.