TUSINGOJE JINO LIUME

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo wengi hulicheka, nalo ni meno.

Kwetu Nunguni, katika milima ya Kilungu, mtu mzima hamwendei daktari wa meno mpaka alie. Hata mimi nilikuwa hivyo. Gego langu la chini lilikuwa na tundu dogo muda mrefu. Kwa kuwa haliumi, nilisema si kitu. Usiku mmoja nikiwa kazini shavu lilivimba, nisiweze hata kushika nyundo. Nilitia karafuu, nikatia tumbaku, bure. Siku tatu sikufanya kazi, na mwisho jino likang'olewa. Daktari aliniambia kwamba kama ningalikuja mapema, tundu lingalizibwa na jino ningalikuwa nalo.

Ndugu zangu wa reli, fikirini. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kutembea njia akitazama reli, mataruma na nati. Hangoji gari lianguke ndipo akaze nati. Mbona basi vinywa vyetu twavingojea ajali?

Jino huoza hivi. Vijidudu vya kinywani hula sukari, kisha hutoa asidi inayokula ganda gumu la jino. Ganda hilo halina fahamu, kwa hiyo huumwi. Maumivu huja wakati uozo umekwisha kufika ndani. Ufizi nao huharibika kimya kimya: hutoa damu kidogo unapopiga mswaki, na miaka ikipita jino hulegea. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, karibu watu wazima wote walionekana kuwa na ufizi unaotoa damu. Na sisi wa zamu za usiku, wenye chai ya sukari nyingi, soda, miraa na ugoro, twazidi kuuita ugonjwa huo.

Wako wasemao, "Wazee wetu hawakujua daktari wa meno." Kweli, lakini wazee hawakula sukari kama tulavyo sisi, na walitafuna mswaki wa mti. Wengine husema, "Daktari ataniita kila mwezi anile pesa." Sivyo. Huko Uingereza tangu mwaka 2004 madaktari wameshauriwa kumpangia kila mtu mzima wakati wake, tangu miezi 3 mpaka miaka 2, kwa kadiri ya hatari aliyo nayo.

Sasa neno langu kwa chama. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyetumika miezi 2 ruhusa ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lakini hiyo ni ruhusa ya mgonjwa mwenye cheti cha daktari. Asiyeumwa, anayetaka kutazamwa tu, hana siku yake humo. Basi hungoja mpaka augue. Nawaomba viongozi wetu, watakapokaa na waajiri juu ya makubaliano mapya, wadai siku moja kwa mwaka, yenye mshahara, ya kutazamwa meno. Mwajiri hatapata hasara. Jino langu moja lilimpotezea siku tatu.

Na siku hiyo tukiipata, atakayeitumia kwa pombe atakuwa ametuharibia sote.

Wakati huu tusikae bure. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Uonapo tundu, damu, au kidonda kinywani kisichopona kwa wiki 3, nenda ukatazamwe hata kama huumwi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli, Nunguni.