Mshauri naye anahitaji wa kumsikiliza

Kinyozi hajinyoi. Methali hii niliikumbuka nilipokwenda Kizimkazi, kile kijiji cha wavuvi kusini ya Unguja ambako wageni huenda kutazama pomboo, na ambako upo msikiti wa kale wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. Mimi sikufuata pomboo. Nilikwenda kumjulia hali muuguzi mmoja, mama wa makamo, tuliyefahamiana zamani katika semina za UKIMWI.

Baada ya chai nilimwuliza habari za kazi. Akacheka kidogo.

"Mwanangu," alisema, "cheti changu mie nilipewa cha kuzungumza na mtu kabla ya kupima na baada ya kupima. Lakini watu hawasomi cheti. Wameshasikia fulani ni mshauri, basi. Mama ananiletea kijana anayetumia unga. Mke ananiletea ndoa yake. Msichana anabisha hodi usiku, na hataki mamake ajue. Wote nawasikiliza. Wakishaondoka, mie namwambia nani? Nikimwambia jirani, siri imetoka. Nikinyamaza, silali."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike ukurasa huu. Mara nyingi tunahimizwa kwenda kwa mshauri nasaha tunapoelemewa, na ni vema. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kujiuliza: huyu mshauri, baada ya kupata cheti chake, anaendelezwa na nani?

CHETI NI MWANZO WA SAFARI

Tukumbuke tulikotoka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na Zanzibar mwaka 1986. Uganda ilianzisha TASO mwaka 1987, na Dar es Salaam ikapata WAMATA mwaka 1989. Watu walikuwa wanakufa, na waliobaki walihitaji mtu wa kukaa nao. Basi wakafunzwa wauguzi, walimu, watawa na watu wa kujitolea. Vituo vya Angaza vilipoanza mwaka 2001, maneno "ushauri nasaha" yakaingia katika kila nyumba. Mafunzo hayo yalikuwa mafupi kwa sababu haja ilikuwa kubwa, nasi hatuna budi kuwashukuru waliojitoa.

Lakini matatizo hayakusimama pale. Mwaka 2011 Hospitali ya Mnazi Mmoja ilifunguliwa kituo cha Mkono kwa Mkono kwa ajili ya wanawake na watoto waliodhalilishwa. Mwaka 2015 tiba ya methadoni kwa walioathirika na dawa za kulevya ilianza Kidongo Chekundu. Kazi hizi zote zinahitaji washauri, na kila moja ina elimu yake. Aliyefunzwa kumwandaa mtu apokee majibu ya damu hajafunzwa kwa hilo tu kumsaidia mtoto aliyeharibiwa na ndugu yake. Akijaribu kwa moyo mwema bila elimu, anaweza kuongeza jeraha.

MAMBO MATATU TUSIYACHANGANYE

Tunapozungumza juu ya kumwendeleza mshauri, tuna mambo matatu.

La kwanza ni elimu. Zipo njia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kinafundisha ustawi wa jamii hapa hapa Unguja. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, inapokea wanaoanza ngazi za chini na kuwapandisha hadi shahada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina masomo ya juu ya saikolojia ya jamii, na Muhimbili ina shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba. Kwa asiyeweza kuacha kazi na watoto, Chuo Kikuu Huria kinasomesha kwa masafa na kina kituo Zanzibar. Wapo pia wanaovuka mpaka kwenda Nairobi, kwa mfano Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kusomea ushauri wenyewe. Kabla ya kulipa ada popote, mtu aulize kwanza: chuo hiki kinatambuliwa? Kwa vyuo vikuu vya nchini jibu liko TCU, na kwa vyuo vya kati liko NACTVET.

La pili ni ithibati, maana yake ni chombo chenye mamlaka kuthibitisha kwamba mtu huyu anafaa kuifanya kazi hii, na kuweza kumwondoa akikosa. Wenzetu wa Kenya walitunga Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia mwaka 2014, yenye bodi ya kuwasajili. Kwetu ushauri umekuwa ukibebwa mgongoni mwa kazi nyingine. Muuguzi husajiliwa kama muuguzi, na mwalimu huajiriwa kama mwalimu. Ushauri ni kofia ya pili. Naona wakati umefika kofia hiyo nayo iwe na mwenyewe wa kuisimamia.

La tatu ni usimamizi, nalo ndilo tunalolisahau kabisa. Hapa sisemi bosi wa kukagua daftari. Nasema mshauri mzoefu ambaye mshauri mwingine humwendea kwa siri, bila kutaja majina ya wateja, akamwambia: "Nimekutana na jambo hili, nilisema hivi, je, nilikosea? Na mbona mimi mwenyewe sipati usingizi?" Huko Uingereza chama cha washauri kiitwacho BACP kinamtaka kila mwanachama anayefanya kazi apate usimamizi, na mwenye ithibati yao apate angalau saa moja na nusu kila mwezi, hata awe na miaka thelathini kazini. Anayeomba ithibati yao lazima awe ameshafanya kazi chini ya usimamizi kwa saa zisizopungua 450. Saa zinazohesabiwa pale ni za kukaa na watu huku mzoefu akifuatilia. Wingi wa semina hauwezi kushika nafasi yake.

KABATI LA VYETI

Maoni yangu ni kwamba sisi tumeanzia upande usio sahihi. Tunawapa washauri wetu semina juu ya semina. Siku tatu hotelini, posho, picha ya pamoja, cheti. Mwaka unaofuata, semina nyingine. Kabati linajaa, na mshauri anarudi kijijini peke yake kama alivyotoka. Kama tuna fedha kidogo, basi kidogo hicho kingetangulia kwenye usimamizi.

Najua nitajibiwa: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Wazee wetu walishauri bila cheti." Ni kweli walishauri, na tuwaheshimu. Lakini tutazame walivyofanya. Je, kungwi alipatikana kwa siku tatu? Alikaa miaka kando ya kungwi mkubwa, akimsikiliza, akitumwa, akikosolewa faraghani, mpaka akakabidhiwa mwari wake wa kwanza. Na alipokwama alimrudia yule mkubwa. Vivyo hivyo nahodha wa Kizimkazi: hakabidhiwi chombo siku ya kwanza aliyoweza kushika usukani. Kumbe wazo la usimamizi ni la kwetu tangu zamani. Tulilisahau tulipoanza kuhesabu vyeti.

Wengine watasema: msimamizi mwenyewe yuko wapi? Wazoefu wengi wako Mjini, na Kizimkazi ni mbali. Hapo nakubali pana ugumu. Lakini washauri wa kusini, wa hospitali, wa shule na wa jumuiya za dini, Waislamu na Wakristo pamoja, wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi pale Makunduchi, na mzoefu mmoja akapanda gari kutoka Mjini kuja kukaa nao. Nauli yake na chakula cha mchana havifiki gharama ya semina moja. Katikati ya mwezi ipo simu.

TUFANYE NINI?

Familia zetu zinayo sehemu. Unapompeleka mwanao au ndoa yako kwa mshauri, usione haya kuuliza maneno manne, kwa adabu:

1. Umesomea wapi, na umesomea tatizo la namna hii?
2. Siri yangu utaitunza vipi, na ni wakati gani sheria itakulazimu kuitoa, kwa mfano mtoto akiwa hatarini?
3. Unaye mzoefu unayemwendea unapokwama?
4. Jambo likikuzidi, utanipeleka wapi?

Mshauri mzuri hatakasirika. Na akikuambia, "Hili limenizidi, twende Kidongo Chekundu" au "twende Mkono kwa Mkono," usimdharau, kwani anayejua mpaka wake ndiye wa kuaminiwa.

Nanyi washauri wenye vyeti, msingoje barua ya serikali. Tafuta mwenzako mmoja mzoefu kuliko wewe, mpange siku, na uandike saa zako katika daftari. Siku bodi itakapokuja, daftari hilo litakuwa ushahidi wako.

Parokia nazo, zinapopanga bajeti ya afya, zifikirie nauli ya mshauri mmoja kwenda kusikilizwa. Ni fedha ndogo isiyo na picha ya pamoja.

Yule mama wa Kizimkazi alinisindikiza hadi barabarani. Gari lilipokaribia akaniambia, "Umekuja kunijulia hali, kumbe umenitua mzigo." Nami sikuwa nimemshauri neno lolote. Nilikuwa nimesikiliza tu, kwa muda wa vikombe viwili vya chai. Lakini mimi si msimamizi wake, na mwezi ujao wale wagonjwa wa hodi za usiku watakuja tena.