Mkanda Ukikatika, Alipe Nani?



Juzi alikuja kwetu mwanachama mwenzetu, dereva wa Hiace ya dizeli, na karatasi ya mshahara mkononi. Mshahara wake ulikuwa umekatwa, na mbele ya makato hayo paliandikwa neno moja tu: "injini". Tulipomwuliza habari alitueleza hivi. Siku moja taa ndogo yenye maandishi T-BELT iliwaka mbele yake kwenye dashibodi. Siku ile ile alimwambia tajiri wake. Tajiri alimwita makanika, na makanika akaizima ile taa; mkanda wenyewe hakuugusa, wala mfuniko wake hakuufungua. Miezi minne baadaye, karibu na Sultan Hamud, gari likiwa limejaa abiria, injini ilinyamaza ghafula. Gari likavutwa mpaka Nairobi. Lilipofunguliwa, mkanda ulikuwa umekatika na valvu zimepinda. Tajiri akasema, "Wewe ndiwe uliyekuwa ukiendesha," na makato yakaanza.

Ndiyo sababu leo twaandika habari za mkanda na pampu ya maji katika karatasi hii, ambamo kwa kawaida twazungumza juu ya mishahara na saa za kazi. Tumeona kwamba mkanda nao ni jambo la mshahara.

Kwa wenzetu ambao hawajapata kutazama ndani ya injini, yafaa tueleze kidogo. Mkanda huu, ambao makanika huuita taiming belti, ni wa mpira na una meno upande wa ndani. Kazi yake ni kuunganisha krankishafti iliyo chini na kamshafti iliyo juu, ili krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, isizidi wala isipungue. Kamshafti ndiyo ifunguayo valvu. Katika injini nyingi, mahali valvu zinaposhukia ndipo pistoni zinapopandia, na hazigongani kwa sababu zimepangiwa zamu. Mwenye kuzipangia zamu ni mkanda. Ukikatika, kamshafti husimama papo hapo, valvu nyingine zikiwa bado wazi, na pistoni zaja juu kwa nguvu zao zote. Ziko injini zilizoachiwa nafasi ya kutosha, ambazo mkanda ukikatika gari husimama tu bila kuvunjika kitu; 3S-FE ya Toyota ni mojawapo. Lakini 1KD na 2KD za Hiace si za namna hiyo, wala EJ20 za zile Forester za zamani ambazo wengi wetu twaendesha kama teksi.

Sasa fikirini jambo hili. Breki zikiisha hulia. Tairi likiisha, kila mtu aona kipara chake. Klachi ikiisha, mguu wa dereva wajua. Mkanda umefunikwa, haulii, hauonekani, na waweza kwenda vizuri asubuhi na kukatika mchana. Hata ile taa ya Hiace haiuoni mkanda. Yahesabu kilomita tu, na mtu yeyote ajuaye njia yake aweza kuirudisha kwenye sifuri. Basi dereva atajuaje? Ajuaye ni mwenye daftari la gari, ambamo imeandikwa mkanda ulibadilishwa lini na kwa kilomita ngapi. Na daftari hilo, mahali linapokuwako, hukaa ofisini kwa tajiri.

Kwa injini nyingi watengenezaji hutaja kilomita 100,000 au karibu na hapo, na hutaja miaka pia, kwa maana mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, lakini miaka saba au minane si michache kwa kipande cha mpira, na nambari za kilomita zikiwa zimechezewa njiani hakuna ajuaye ukweli. Mafundi wa Japani wana desturi nzuri: wakibadilisha mkanda hubandika karatasi karibu na injini yenye tarehe na kilomita. Ukifungua boneti ukaiona, usiibandue. Maandishi hutayaelewa lakini nambari utazisoma. Mwaka huenda umeandikwa kwa hesabu ya wafalme wao, ambayo kwayo mwaka wa 30 wa Heisei ni 2018. Pasipo karatasi wala daftari, sisi twasema mkanda uhesabiwe kuwa umekwisha.

Magari mapya mengi siku hizi yana mnyororo wa chuma, na huenda jambo hili litatoweka lenyewe. Lakini sisi hatuendeshi magari mapya.

Tuje kwa pampu ya maji, ambayo ndiyo huleta ubishi mwingi gereji. Katika EJ20, pampu huzungushwa na mkanda huu huu. Ili kuifikia lazima utoe feni za rejeta, puli, mifuniko, na mkanda wenyewe. Yaani kazi yote ya kubadilisha mkanda ndiyo kazi ya kuifikia pampu. Ukiwa umefika hapo kwa ajili ya mkanda, pampu mpya yaongeza bei yake na ufundi kidogo tu. Tajiri asema, "Pampu bado ni nzuri, iacheni." Baada ya mwaka beringi yake yalegea, maji yaanza kudondoka, na makanika hana budi kufungua yote upya, na tajiri alipa ufundi mara ya pili. Tena maji hayo yakiloweka mkanda mpya, huo nao hautufai. Na beringi ya pampu ikikwama kabisa, mkanda hukatika, na hapo twarudi kwenye valvu.

Hatusemi kwamba kila makanika atakaye kubadilisha pampu ni mwaminifu. Wako wanaoandika pampu katika hesabu na kuirudisha ile ya zamani baada ya kuipiga brashi. Dawa yake ni rahisi: mwenye gari adai apewe vipande vya zamani mkononi, pamoja na risiti ya duka lililouza vipya. Lakini ubaya wa fundi mmoja si sababu ya kuacha kazi nusu.

Na tuseme ukweli juu yetu wenyewe pia. Wako wenzetu waonao maji yakipungua katika rejeta, nao hujaza maji ya mferejini au ya mtoni kila siku na kukaa kimya, wakijua gari likilala gereji siku moja, siku hiyo hawana chakula. Maji hayo hayana dawa ya kuzuia kutu, nayo huila pampu upesi. Hatuwezi kumtetea dereva aliyeona na kunyamaza kama tunavyomtetea aliyesema. Hata hivyo, mtu amwogopeshaye dereva wake kwa kumnyima mshahara wa siku gari linapotengenezwa, yeye ndiye aliyemfundisha kunyamaza.

Matajiri hulalamika kwamba kazi hii ni ghali. Haya, tufanye hesabu. Tuseme mkanda, pampu, beringi zake, dawa ya rejeta na ufundi, vyote pamoja ni shilingi 25,000; mwenye bei nyingine na aweke yake. Ukigawa kwa kilomita 100,000, wapata senti 25 kwa kila kilomita. Gari liendalo kilomita 200 kwa siku litamaliza mkanda kwa siku 500, na hizo ni shilingi 50 kwa siku. Dereva huwaletea matajiri maelfu kila jioni, na shilingi 50 za mkanda hazipatikani! Lakini mkanda ukikatika, hesabu huwa nyingine: kuvuta gari, kufungua silinda hedi, valvu mpya, gasketi, kupeleka hedi kwa wachonga vyuma, siku nyingi bila kazi, na mwishowe mkanda na pampu vilevile vilivyokataliwa. Hesabu hii ya pili ndiyo wanayotaka tuilipe sisi.

Sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali yake iliyoharibiwa, lakini kwa kosa ambalo mfanya kazi amelifanya kwa makusudi. Mpira kuzeeka si makusudi ya mtu. Kifungu hicho hicho chasema makato yote kwa pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara, na kifungu cha 20 chataka karatasi ya mshahara ionyeshe makato na sababu zake. Neno "injini" peke yake si sababu. Mwanachama yeyote akipewa karatasi ya namna hiyo asiandike jina lake chini ya maneno "nimekubali" kabla ya kuja ofisini kwetu.

Iko shida kubwa zaidi kwa wenzetu wasioandikwa kazi, ambao hukodi gari kwa juma na kumpelekea mwenyewe hesabu yake. Hao hawahesabiwi kuwa na mshahara, na kifungu tulichokitaja huenda kisiwafikie. Kinga yao ni mkataba. Tumeiona mikataba kadhaa isemayo "dereva atashughulikia sevisi", na dereva aliposaini alidhani ni oili na filta. Kabla ya kusaini, andikeni humo wazi kwamba mkanda, pampu na vyote vilivyo ndani ya injini ni juu ya mwenye gari, na kilomita za gari siku lilipokabidhiwa ziandikwe pia. Mwenye gari akikataa kuandika, basi mmekwisha jua mapema nia yake.

Nasi twataka hivi kwa matajiri wote wenye madereva wetu: kila gari liwe na daftari lake, likae ndani ya gari lenyewe, na dereva awe na ruhusa ya kulisoma na kuandika ndani yake. Taa ikiwaka, dereva aandike siku na kilomita, na tajiri atie sahihi kwamba ameona.

Yule mwenzetu wa Hiace hakuwa na daftari. Lakini siku taa ilipowaka aliipiga picha kwa simu na kumpelekea tajiri, na kilomita zaonekana wazi chini yake. Tajiri alimjibu, "Sawa." Picha hiyo na jibu hilo tumevitia pamoja na barua yetu kwa Afisa wa Kazi.