Mifupa ya Shangazi Haipigiwi Kura

MANENO YA BARAZANI
Na Mwanaidi Shebuge

Wiki hii nimegombana na Shemeji Mtaalamu. Wasomaji wa siku nyingi watauliza, "Tena?" Ndiyo, tena. Wanaoingia barazani leo niwaeleze kwa kifupi: ni mume wa dada yangu, alitutibu ukoo mzima kwa kitunguu swaumu wakati wa korona, na ndiye aliyemshauri fundi wangu kuhusu bati. Mvua ikinyesha bado natega beseni sebuleni. Sasa amehamia kwenye mifupa.

Mifupa yenyewe ni ya Shangazi, dada yake marehemu baba, anayekaa Ngamiani. Mwaka juzi aliinama uani kuinua ndoo ya maji, mgongo ukalia ta!, akakaa chini pale pale. Zahanati ya kwanza walimpa dawa ya kuchua. Ya pili walimpa vidonge vya maumivu na kumwambia, "Uzee huo, mama." Hakuna aliyempiga picha. Kilichotushtua hatimaye si maumivu, maana Shangazi si mtu wa kulalamika. Ni madira. Madira yake yote, hata aliyovaa harusini kwangu, yalianza kufagia sakafu. Tukamsema fundi cherehani wa watu, tena vibaya. Kumbe nguo hazikurefuka. Mwenyewe alikuwa anafupika. Eksirei ilipopigwa, pingili mbili za mgongo zilikuwa zimebonyea.

Mwanawe anafanya kazi Muscat. Alimchukua mama yake kule, akapimwa uzito wa mifupa kwa mashine ya DEXA, ikaja namba: pungufu 3.6. Shirika la Afya Duniani liliweka mstari mwaka 1994. Ukifika pungufu 2.5 au chini ya hapo, una osteoporosisi. Na kama uko chini ya mstari huo na mfupa umeshakuvunjika kwa jambo dogo kama ndoo ya maji, basi wewe ni mgonjwa wa ile kali. Shangazi ana pumu ya miaka mingi, na miaka hiyo yote amemeza prednisoloni kila kifua kilipobana. Vidonge hivyo vilimwokoa pumzi, vikamla mifupa. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa hadi ukurasa, na yule aliyesema "uzee" alikuwa amelishika daftari hilo mkononi.

Walianza kumpa alendroneti, kidonge cha mara moja kwa wiki. Unakinywa asubuhi tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji, kisha nusu saa huli, hulali, unakaa wima kama mlinzi wa benki. Shangazi alikaa wima, lakini kiungulia kilimchoma mpaka akakiogopa kidonge chenyewe. Tena dawa ya aina ile kazi yake ni kuzuia mfupa usiendelee kubomoka. Kwa mtu ambaye pingili zimeshabonyea, daktari alitaka dawa inayojenga. Ndipo ikaja kalamu ya sindano.

Dawa iliyomo inaitwa teriparatidi. Ni kipande cha homoni ambayo miili yetu inaitengeneza kwenye tezi ndogo nne za shingoni. Na hapa kuna jambo ambalo lilinichekesha nilipoelezwa. Homoni hiyo ikikaa kwenye damu usiku na mchana, inabomoa mfupa ili kuchota kalsiamu. Lakini ikiingia kidogo, mara moja kwa siku, ikapita zake baada ya saa chache, seli za kujenga zinaamka na kuanza kazi. Ni mambo ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: akija na kuondoka anakuletea baraka, akilowea anamaliza unga. Naomba mkumbuke mfano huo tutakapofika kwa wageni wenyewe.

Anayemdunga ni mjukuu wake, yuko darasa la sita. Nimemwona akifanya, na manesi wengine ningewaleta wajifunze. Ananawa mikono. Anafunga sindano mpya kila siku, ile ndogo nyembamba. Anavuta kitufe cheusi mpaka kinagota. Shangazi anakaa ukingoni mwa kitanda, maana wiki za mwanzo alikuwa akidungwa amesimama anapata kizunguzungu, anapandisha khanga, leo paja la kulia, kesho la kushoto. Mtoto anabonyeza, anashikilia, anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hapo ndipo anachomoa. Kalamu moja inakwenda siku 28, halafu inatupwa hata kama bado ina dawa. Kila siku mikrogramu 20, muda wa miaka miwili. Inakaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Isipate joto, na isigande. Naandika tena kwa ajili ya mtu mmoja ambaye najua anaisoma safu hii kwa kujitafuta: isigande.

Jumapili nilikwenda kumjulia hali. Nikakuta mkeka umetandikwa, Shemeji yuko katikati, pembeni Ami Mkubwa, jirani wa mlango wa pili, na dada yangu ambaye nampenda lakini aliolewa na huyu mtu. Nikatoa shikamoo kwa wanaostahili. Nikadhani kuna posa. La, ni kikao cha kujadili kama Shangazi aendelee na sindano. Mwenyewe mgonjwa hakualikwa kwenye kikao. Alikuwa jikoni anawapikia wajumbe chai.

Mbele ya Shemeji kulikuwa na kopo. Poda ya mifupa. Ina picha ya mzee wa Kizungu anakimbia ufukweni, inanukia vanila, na inauzwa shilingi 75,000. Zamani alikuwa anakuja na maoni tu. Siku hizi anakuja na maoni pamoja na bidhaa, maana amejiunga na wale wanaouza virutubisho kwa ngazi, unamsajili mwenzako naye amsajili mwenzake, mpaka mtaa mzima unauziana makopo na mnunuzi hayupo. Kwenda kumwona mgonjwa na bidhaa begani! Bibi zetu walikwenda na ndizi na mayai. Nilisoma maandishi ya kopo: kalsiamu, vitamini D na sukari. Kalsiamu na vitamini D Shangazi anazo, daktari alimwandikia, za bei ya kawaida kabisa. Zinahitajika, kama matofali yanavyohitajika kwa fundi. Lakini kopo la kalsiamu halijawahi kuinua pingili iliyobonyea, hata likinukia vanila.

Shemeji akafungua hoja. Sindano kila siku kwa miaka miwili, mtu mzima atatoboka. Halafu akatoa silaha yake kubwa: "Panya walipewa dawa hii wakapata saratani ya mifupa. Iko kwenye simu hapa."

Ni kweli, walipata. Panya wa maabara walidungwa dozi kubwa karibu maisha yao yote, wakaota uvimbe wa saratani kwenye mifupa. Ndiyo maana dawa ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2002 ilibandikwa onyo zito na ikawekewa kikomo cha miaka miwili. Watu walioitumia wakafuatiliwa kwa miaka mingi, saratani ile haikuonekana kuongezeka kwao, na mwaka 2020 onyo lile likaondolewa. Aliyewahi kuwa na saratani ya mifupa au kupigwa mionzi kwenye mifupa, huyo hapewi, na Shangazi aliulizwa hayo yote kabla ya sindano ya kwanza. Simu ya Shemeji iliishia kwa panya. Simu yake haisomi zaidi ya aya ya kwanza, anafanana nayo.

Akahama. Akasema hizi ni dawa za Wazungu, hazikutengenezwa kwa mifupa yetu. Hapo nikaona nimempata. Nikamweleza habari za dawa nyingine, romosozumabu, ambayo mwanawe Shangazi aliiulizia na daktari akaikataa. Afrika Kusini kuna koo ambazo baadhi ya watoto wao huzaliwa bila protini iitwayo sklerostini, inayozuia mfupa usijengwe kupita kiasi. Mifupa yao inanenepa maisha yao yote, mpaka fuvu linabana neva, wengine wanakuwa viziwi, wengine uso unapooza. Jeni lao lilipojulikana mwaka 2001, wataalamu wakajiuliza kama inawezekana kuifunga protini hiyo kwa makusudi, kwa muda, kwa mtu ambaye mifupa yake inapukutika. Ikawezekana. Mwaka 2019 dawa ikaidhinishwa Japani na Marekani, sindano za kila mwezi kwa mwaka mmoja. Ina onyo lake la moyo na kiharusi, na Shangazi aliwahi kupata kiharusi kidogo, ndiyo maana akanyimwa. "Kwa hiyo," nikamwambia, "dawa hiyo imetoka hapa hapa Afrika."

"Koo zipi hizo?" akauliza.

"Makaburu."

"Si ndivyo nilivyosema? Wazungu."

Ami Mkubwa alicheka mpaka kofia ikamtoka. Sina la kuongeza hapo, tuendelee.

Ami naye akaleta la kwake. Mama yao, yaani bibi yangu, aliishi zaidi ya miaka tisini na hakuwahi kudungwa sindano ya mifupa. Jirani akaitikia, akataja supu ya kongoro. Nami nampenda Ami, ila hapo nilisimama. Bibi aliishi, ndiyo. Miaka yake ya mwisho kidevu kilikuwa kinagusa kifua, hawezi kumtazama mtu usoni bila kulala chali. Alikuwa akisalimia miguu yetu, anatutambua kwa viatu. Siku alipovunjika nyonga akitoka chooni, hakuinuka tena kitandani. Kongoro alikuwa anakunywa, nani katika nyumba ile hakunywa kongoro? Sote tulisema ni uzee, tukamzika na uzee wake. Binti yake amepata kalamu ambayo mama yake hakuipata, na kaka mtu anataka wafanane!

Kikao kikavunjika bila azimio. Shangazi akaleta chai, akauliza kwa upole kama wameshamaliza kugawana mirathi au wanamsubiri kwanza afe.

Ningeishia hapo, na safu hii ingekuwa ya kawaida. Lakini jioni mjukuu alikwenda kuchukua kalamu, akarudi analia. Haipo. Tukatoa jagi la juisi, tukatoa nyanya, tukatoa mitungi yote. Kumbe Shemeji alikuja na changu kilo mbili, samaki wazuri, sikatai, akahitaji nafasi. Kalamu tuliikuta kwenye friza, imelala kati ya mfuko wa samaki na barafu za ubuyu za watoto, imekauka kama kijiti cha askrimu. Ilikuwa mpya, ya siku tatu tu. Dawa hiyo ikiganda ndiyo basi. Hata ikiyeyuka haitumiki, inatupwa.

Nikampigia. Alijibu kwa sauti ya mtu aliyetenda wema asishukuriwe: "Si mlisema inataka baridi? Nikaipa."

Nyinyi mnaonijua mnajua kilichofuata, na mhariri amekata aya nzima.

Ninachotaka kieleweke ni kwamba dawa hii haifi kwa sababu ya panya wala sindano. Inakufa kwenye mikeka yetu. Mgonjwa anavumilia kichefuchefu, anavumilia misuli ya miguu inayokaza usiku wa manane, halafu anakuja mtu na kopo anamwambia aache. Akiacha katikati anapoteza, na hata akimaliza miaka miwili salama kazi haijaisha: lazima apewe dawa ya kulinda, ama vidonge vya wiki ama dripu ya mara moja kwa mwaka, la sivyo mfupa uliojengwa kwa sindano zote hizo unaanza kuondoka. Nimeshaona Shemeji anapiga mahesabu ya siku hiyo. Atasema: amepona, dripu ya nini?

Kwa sasa, mwaka mmoja ndani ya tiba, Shangazi anakaa mkekani na kuinuka bila kushikwa mkono. Nimeyaona kwa macho yangu. Madira amempelekea tena fundi yule yule, ayapunguze upindo, na amemtuma mtoto aombe radhi kwa niaba yetu.

Kalamu nyingine inakuja Jumamosi na mtu anayetoka Muscat, kwenye kijibegi chenye barafu pembeni. Bei sitaitaja hapa maana Shangazi anaisoma safu hii kwa miwani miwili, na tumemwambia inatolewa bure. Kwa Marekani tu niseme kwamba kalamu ya kampuni ya mwanzo ilipanda mpaka ikapita dola 3,000. Yetu ni ya chini sana kuliko hiyo, lakini mwanawe anaijua, na mkewe anaijua zaidi. Kwa hiyo nimeipigia hesabu ile iliyoganda, nikaongeza nauli, nikamtumia Shemeji Mtaalamu kwenye simu yake, aya moja tu ili aweze kuimaliza. Amejibu jana usiku. Fedha taslimu kwa sasa hana, ila yuko tayari kulipa kwa makopo.