"Peponi" si riwaya ya Unguja

Ndugu mhakiki, ahsante kwa kuigusa "Peponi", tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022. Ila kwa kuwa mwandishi wa riwaya hii, Gurnah, ni mzaliwa wa Unguja, basi wewe kila ukurasa umeona karafuu na Mji Mkongwe. Hebu irudie. Yusuf, miaka 12, anaondolewa Kawa, mji wa reli huko bara, awe rehani kwa mfanyabiashara Aziz kwa deni la baba yake. Kisha msafara wa Aziz unazama ndani kabisa: wapagazi, hongo kwa machifu, Wajerumani nao hao wanakuja. Anayeitaka Unguja yenyewe, na siasa zake, amsome Adam Shafi, "Vuta N'kuvute". Halafu bei hukuitaja, na wengine ndiyo tunayoanza kuuliza.