Sifa za Amri: Kifungu cha 112 na Askari wa Mtandaoni wa Thailand

Tarehe 8 Oktoba 2020 kampuni ya Twitter ilitangaza kuwa imezifuta akaunti 926 ambazo, kwa uchunguzi wake, zilihusiana na Jeshi la Nchi Kavu la Thailand. Kazi yake ilikuwa kulisifu jeshi na serikali, na kuwaandama wanasiasa mashuhuri wa upinzani. Jeshi lilikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walioipitia data hiyo waliona kwamba akaunti hizo hazikuwa na wafuasi wa kutajika, wakaipa ripoti yao jina lenye maana ya ushangiliaji usio na mashabiki.

Wapo waliosoma habari hii wakashusha pumzi. Kama hakuna aliyesikiliza, madhara yako wapi? Hoja hiyo husikika hata kwa wasomi, nayo ni mbovu tangu shina. Inachukulia kwamba propaganda hutungwa ili kumshawishi mtu. Mahali ambapo mpinzani anaruhusiwa kusema, huenda ni hivyo. Thailand mpinzani haruhusiwi, na kwa hiyo propaganda ina kazi nyingine: kulijaza pengo ambalo sheria imekwisha kulichimba. Haihitaji kuaminiwa. Inatosha isikike yenyewe, na nyingine zisisikike.

Sheria hiyo ni Kifungu cha 112 cha Kanuni ya Adhabu. Anayemkashifu, kumtusi au kumtishia mfalme, malkia, mrithi wa kiti au kaimu mfalme hufungwa miaka mitatu hadi kumi na tano, na kila kosa huhesabiwa peke yake. Mtu yeyote anaweza kupeleka malalamiko polisi: jirani, mfanyakazi mwenza, hata ndugu wa damu. Wala kusema kweli si kinga. Mshtakiwa hapati nafasi ya kuthibitisha kwamba alichosema ndivyo kilivyo, kwa kuwa kosa lenyewe si uongo.

Novemba 2011 mzee wa miaka 61 alihukumiwa miaka ishirini kwa jumbe nne fupi za simu zilizopelekwa kwa katibu wa waziri mkuu, mitano kwa kila ujumbe. Alidai hata hajui kutuma ujumbe wa simu. Mei 2012 alikufa gerezani kwa saratani ya ini. Mwaka 2015 mfanyakazi mmoja alishtakiwa, pamoja na mengine, kwa kumdhihaki mbwa wa mfalme. Januari 2021 mwanamke aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali alihukumiwa miaka 87 kwa makosa 29 ya kusambaza rekodi za sauti mtandaoni, hukumu ikapunguzwa nusu kwa kuwa alikiri. Miaka arobaini na mitatu na nusu, kwa sauti ambazo si yeye aliyezirekodi.

Sheria na akaunti zile 926, basi, ni chombo kimoja chenye mikono miwili. Mkono mmoja unaziba mdomo wa raia, wa pili unasogeza mdomo wa askari. Februari 2020 mbunge Wiroj Lakkhanaadisorn aliwasilisha bungeni nyaraka alizosema zinaonyesha jinsi wanajeshi walivyopangiwa kuwasakama mtandaoni wakosoaji wa serikali. Mitaani Tanzania mtu anayemsifu mkubwa ili apate kula huitwa chawa, na jina hilo si la heshima. Lakini chawa angalau amejichagulia kichwa cha kukaa. Askari hupangiwa.

Watetezi wa hali hii hukimbilia utamaduni. Wathai, husema, wanampenda mfalme wao kama baba, na mgeni hana haki ya kuyapima mapenzi hayo kwa mizani ya Ulaya. Ni utetezi unaowagusa wasomaji wa Kiafrika, ambao wamechoshwa na mizani hiyo, na ndiyo maana unafaa kukaguliwa badala ya kupokewa kwa heshima. Adhabu ya miaka mitatu hadi kumi na tano haikurithiwa kwa mababu. Iliwekwa Oktoba 1976 kwa amri ya wanajeshi waliopindua serikali, baada ya wanafunzi kuuawa katika Chuo Kikuu cha Thammasat tarehe 6 ya mwezi huo. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa miaka saba. Utamaduni huu una tarehe ya kuzaliwa, nayo ni ya mapinduzi.

Tena Mfalme Bhumibol mwenyewe, katika hotuba ya Desemba 2005, alieleza kwamba mfalme naye aweza kukosea na aweza kukosolewa, kwani kusema hakosolewi ni kumtoa katika ubinadamu. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, na mashtaka ya Kifungu cha 112 yakaongezeka badala ya kupungua. Waliodai kumlinda mfalme hawakumsikiliza mfalme. Hapo ndipo inapoonekana nani anakingwa: ni jeshi, ambalo kwa miaka mingi limejifunika joho la kiti cha enzi ili anayeligusa ahesabiwe kuwa amemgusa mwenye kiti.

Fasihi ya Kiswahili ina la kusema hapa, kwa sababu inaijua sifa kwa undani. Muyaka bin Haji aliwatungia Mazrui wa Mombasa na kuwakejeli mahasimu wao. Alikuwa mtu wa upande, hakuna anayelificha hilo. Lakini alitunga kwa jina lake, na Lamu nayo ilikuwa na washairi wake wa kumjibu. Majibizano ndiyo yaliyoipa sifa uzito: msifiwa alijua kwamba ubeti uliomkweza umepita mbele ya masikio yaliyokuwa huru kuucheka. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo inamdhania mnywaji mwenye ulimi, atakayeonja na kusema tembo hili lina maji. Mwondoe huyo, umweke askari aliyeagizwa kusema ni tamu. Mgema mwenyewe hatajua tena anauza nini.

Hilo ni hasara ya mfalme pia, jambo ambalo watetezi wake hawapendi kulifikiria. Mapenzi yanayolindwa kwa miaka kumi na tano ya jela hayawezi kupimwa na yeyote. Raia anayempenda mfalme kwa dhati ananyimwa njia ya kuaminika, maana maneno yake hayatofautiki na ya aliyeogopa wala na ya aliyetumwa.

Wasomaji wa Kiswahili walioko Ghuba hawahitaji kufafanuliwa sana. Kanuni ya Adhabu ya Oman ya mwaka 2018, katika kifungu cha 97, nayo inaweka kifungo cha miaka mitatu hadi saba kwa anayemshambulia Sultani kwa maneno. Mwaka 2012 wanaharakati kadhaa walifungwa huko kwa kumtusi Sultani, wengine kwa waliyoyaandika mtandaoni, na Machi 2013 Sultan Qaboos akawasamehe. Msamaha ni jambo jema, lakini uliiacha sheria palepale, na anayesamehewa leo anajua kwamba kesho ni ya msamehevu. Ndiyo maana kuitazama Thailand kama kioja cha mbali ni kujidanganya.

Nchini Thailand kwenyewe, vijana walijaribu njia ya wazi. Agosti 2020, katika uwanja wa Thammasat ileile, walisoma madai kumi ya kuurekebisha ufalme, la kwanza lao likihusu kinga dhidi ya kumshtaki na kumchunguza mfalme. Hawakudai ufalme ufutwe. Novemba ya mwaka huo mashtaka ya Kifungu cha 112, yaliyokuwa yamesimama kwa miaka kama miwili, yakarudi, na tangu hapo zaidi ya watu 270 wameshtakiwa. Mei 2024 mwanaharakati mmoja kijana alifia kizuizini baada ya kugoma kula, akidai wenye maoni tofauti wasifungwe.

Chama cha Move Forward nacho kilikwenda kwa kura. Mei 2023 kilipata viti 151 kati ya 500, vingi kuliko chama kingine chochote, kikiwa kimeahidi hadharani kukirekebisha kifungu hicho. Hapo kura milioni 14 zilitoa picha ya mapenzi ambayo akaunti 926 zisingeweza kuitoa. Januari 2024 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kampeni ya kukibadilisha Kifungu cha 112 ni jaribio la kuupindua mfumo wa utawala. Tarehe 7 Agosti mwaka huo chama kilivunjwa, na viongozi wake wakapigwa marufuku ya siasa kwa miaka kumi.